Bembea zinazotaka muwe wawili

Kuna video moja huwa naiangalia nikiwa nimechoka na kila kitu. Ni usiku, watu wazima kabisa na mabegi yao wamepanda bembea kando ya barabara, chini ya viti kunawaka taa, na kila bembea ikienda inatoa noti ya muziki. Ndo hizo wanaziita 21 Balançoires, bembea 21 zilizowekwa Montreal huko Kanada mwaka 2011 na wadada wawili, Mouna Andraos na Melissa Mongiat, studio yao inaitwa Daily tous les jours. Ukibembea peke yako unapata noti zako tu, za piano au gita au kinubi, inategemea umekaa wapi. Ila mkienda sawa na wa pembeni yako, miguu juu kwa pamoja, muziki unabadilika, inatoka melodi ambayo ukiwa mwenyewe hata ubembee mpaka kuche hutaipata. Na huyo wa pembeni kumbuka humjui.

Kilichonimaliza zaidi ni kwamba kwenye kupanga kile kitu walikaa na profesa wa tabia za wanyama, Luc-Alain Giraldeau, mtu ambaye kazi yake ni kuchunguza wanyama wanavyotafuta chakula kwa pamoja, nani anahangaika na nani anategea jasho la mwenzake. Yaani kabla ya kuuliza waya upite wapi waliuliza kwanza hivi viumbe hushirikiana kwanini. Nikasema haya, hawa wameelewa.

Maana sehemu kubwa ya hizi kazi za sauti na mwanga zinazowekwa kwenye viwanja na mitaani, tuseme ukweli, ni sakafu inawaka ukikanyaga, ukuta unageuka rangi ukipita, unapiga picha mbili unaondoka. Hiyo mimi naiita swichi. Swichi kubwa, nzuri, ya bei mbaya, lakini swichi.

Nasema hivyo nikiwa na kidonda kwasababu swichi nimeshawahi kutengeneza. Nilichukua ngazi za jengo tunaloishi, nikaweka taa za utepe, spika ndogo, bodi ya Arduino, yaani kakompyuta kadogo ka kuendeshea vifaa, na sensa ya mwendo, zile za kawaida zinazohisi joto la mwili, wazo likiwa mtu akipanda ngazi zinaimba naye. Kwenye kichwa changu ilikuwa tamu balaa. Sasa ile sensa ikishamuona mtu inakaa sekunde kadhaa ndo imuone mwingine, afu na programu yangu ilivyokuwa nzito, mtu anakanyaga ngazi ya kwanza sauti inatoka akiwa ya nne, anasimama, anapapasa mfukoni akidhani ni simu yake, anaendelea zake. Wa pili anayemfuata nyuma hapati kitu kabisa. Siku nzima nimejificha pale juu naangalia watu wanapapasa mifuko.

Hapo ndo nikajifunza kitu ambacho wenye kazi zao wanakijua siku nyingi: taa ikichelewa kidogo jicho linavumilia, sauti ikichelewa sikio halisamehe. Ikikaribia milisekunde 100 kati ya mkono na mlio, mtu anaanza kuona kwamba yeye na ule mlio ni vitu viwili tofauti, na ukishampoteza hapo hata uwashe taa elfu harudi. Nikabadilisha nikaweka sensa ya umbali, ile inayotoa mlio usiosikika na kuusikilizia ukirudi, kama popo, nikapunguza makorokoro kwenye programu. Ikawa inajibu papo hapo.

Kosa la pili lilikuwa noti. Niliweka skeli nzima, do re mi zote saba, nikijiona mwanamuziki. Watoto watatu wakapanda mbio kwa mpigo, ikawa kama mtu kaangusha kabati la vyombo. Dawa yake wanaitumia wengi kwenye hizi kazi: tumia skeli ya noti tano tu, zile ambazo zikigongana zinakubaliana. Ukikanyaga popote, na yeyote, kwa fujo yoyote, inatoka kitu kinachosikilizika, hamna kukosea. Ni ujanja mdogo lakini ndo unaompa mtu asiyejua muziki ujasiri wa kuendelea, maana hadharani watu tunaogopa aibu kuliko kitu kingine chochote.

Na kuhusu aibu, kuna kazi moja iko New York kwenye stesheni ya treni za chini ya ardhi ya 34th Street, inaitwa REACH, ya Christopher Janney, ipo tangu katikati ya miaka ya 1990. Ni mabomba ya kijani yananing'inia juu ya majukwaa, yana matundu, ukinyoosha mkono ukaupitisha mbele ya tundu inatoka sauti, marimba, filimbi, sauti za msituni. Bomba moja liko upande huu wa reli na lingine upande ule. Kwahiyo wewe unasubiri treni ya kwenda huku, mwenzako ya kwenda kule, katikati reli, mnajibizana kwa mikono, treni yake inakuja inamchukua, basi. Hamkusalimiana hata. Mimi hiyo naiona bora kuliko maonesho mengi ya taa ya kisasa yenye projekta za kutisha.

Nyingine ni ya Bristol, Uingereza, 2014, Jonathan Chomko na Matthew Rosier. Walichukua taa za barabarani za kawaida wakaweka kamera ya infraredi, ile inayoona gizani, na projekta, ukipita chini ya taa kivuli chako kinarekodiwa, afu anayekuja baada yako anakuta kivuli chako kinatembea pembeni yake. Wenyewe hawakuandika maelekezo, mtu anashtuka tu. Akishashtuka hakimbii, anarudi anacheza ili anayekuja nyuma akute kitu cha maana. Kwahiyo hata barabara ikiwa tupu hauko peke yako, unacheza na mtu wa dakika mbili zilizopita.

Lakini ukiniuliza ipi imenikaa rohoni nitakwambia Voz Alta ya Rafael Lozano-Hemmer, Mexico City, 2008. Pale kwenye uwanja wa Tlatelolco wanafunzi waliuawa tarehe 2 Oktoba 1968, na hii iliwekwa miaka 40 baadaye. Megafoni imesimama uwanjani, mtu yeyote anakuja anaongea anachotaka bila kuchujwa, na sauti yake inageuka mwanga, taa kubwa ya kumulika angani inapepesa kadiri anavyoongea, inapiga jengo la jirani na kutoka huko taa nyingine zinatupa yale maneno juu ya jiji. Aliyeko mbali akiona mwanga unacheza anafungua redio ya chuo kikuu anasikia kinachosemwa. Na pakiwa kimya, hakuna wa kuongea, zinasikika rekodi za walionusurika. Hapo teknolojia ni ileile ya kawaida, kipaza sauti kuendesha taa, mwanafunzi wa fizikia anaweza kuifanya mezani. Tofauti ni alijua anaiweka wapi.

Halafu kuna kero ambayo wapenda hivi vitu hatupendi kuisema: mwanga unaweza kuufungia pazia, sauti huwezi. Ndo maana naihusudu ile ngazi ya baharini ya Zadar, Kroatia, ya msanifu Nikola Bašić, 2005, mabomba 35 chini ya ngazi za ufukweni, wimbi likiingia linasukuma hewa, inalia. Haina sensa wala umeme, na bahari ikitulia na yenyewe inanyamaza. Ya kwangu ililalamikiwa wiki ya kwanza tu, na walikuwa na haki. Nikaweka iwe inazima saa tatu usiku na sauti nikaipunguza hadi ya kunong'ona.

Na nikabadilisha kingine, kwa kuwaiga wale wa bembea. Sasa hivi ukipanda peke yako unapata noti moja moja na taa hafifu. Mpaka awepo mtu chini na mwingine juu kwa wakati mmoja ndo ngazi zote zinawaka na ile melodi inatoka. Sikumwambia mtu. Ilichukua siku nne kugundulika, na kuna mtoto siku hizi akitoka shule anakaa ngazi ya chini kabisa na begi lake mgongoni, anasubiri mtu yeyote atokee juu.