Jina la Mashua ya Omena

Mwaka 2012 nilikuwa na kompyuta moja, mashine moja ya kukata stika na majivuno ya watu watatu. Kibanda chetu kilikuwa karibu na soko la Kibuye, hapa Kisumu. Binamu yangu alitoa mtaji, mimi nikaleta ujuzi wa kozi ya miezi minne. Tulichapisha mabango ya harusi, ya matanga, ya mikutano ya injili, na kwa kuwa uchaguzi wa 2013 ulikuwa unanukia, ya wagombea pia. Mteja akitaka maandishi, nilichagua herufi kwenye skrini, nikabonyeza, kisu kikatembea chenyewe. Mafundi wa brashi niliwahurumia, kama unavyomhurumia mtu anayesubiri basi lililokwisha pita.

Siku moja akaja mama mmoja kutoka Dunga. Alikuwa amenunua mashua ya kuvulia omena, wale dagaa wa Ziwa Viktoria, na alitaka iandikwe jina pande zote mbili: NYAKWAR DANA, yaani mjukuu wa bibi. Pesa za mashua hiyo zilitokana na ng'ombe aliyeachiwa na nyanyake.

"Nataka hata mtu aliye Usoma, ng'ambo kule, alisome," akasema.

"Hiyo ni kazi ya nusu saa, mama." Nikamtoza shilingi 3,500.

Kesho yake nilipanda bodaboda, tukapita hifadhi ya swala, tukashuka hadi ufuoni. Mashua ilikuwa imerudi alfajiri, ubavu wake bado una unyevu. Niliipangusa kwa kitambaa, nikabandika herufi zangu za manjano, nikazisugua kwa kadi ya simu ili hewa itoke. Vijana waliokuwa wakianika omena walinitazama. Mmoja akaniuliza, "Omera, hiyo plasta itakaa?" Nikacheka. Nikapiga picha, nikaiweka Facebook.

Siku ya nne simu ikalia.

"Mwanangu," mama akasema kwa upole ulionitisha kuliko matusi, "njoo uchukue herufi zako."

Alikuwa ameziokota na kuziweka kwenye beseni. Maji yalipenya chini ya stika, zikavimba, kisha kamba na gugumaji vikazichuna. Upande wa kushoto ilibaki R peke yake. Upande wa kulia NYA ilikuwa imeondoka, na R pia, pakabaki KWA DANA. Wavuvi walikwisha kuipa mashua jina hilo, kana kwamba ni hoteli ya ugali: "Leo tunalala Kwa Dana." Mama mwenyewe hakucheka.

Kando yake, juu ya mtumbwi uliofunikwa kifudifudi, alikuwa amekaa mzee mmoja mwenye kopo la brashi. Nikajua nafasi yangu imechukuliwa. Nikamuuliza anaanza lini.

"Mwezi bado," akasema.

Nilidhani anangoja mwisho wa mwezi, watu walipwe mishahara. Kumbe alikuwa akizungumzia mwezi wa angani. Omena huvuliwa usiku kwa taa. Samaki hufuata mwanga. Mwezi ukiwa mpevu ziwa lote linang'aa, taa hazina kazi, na mashua hupumzishwa ufuoni siku kadhaa. Hapo ndipo mbao hukauka. Mimi nilibandika katikati ya giza la mwezi, mashua ikiingia majini kila jioni. Nimezaliwa Kisumu, nimekula omena tangu sina meno, na jambo hilo sikuwahi kulijua.

Mwezi ulipopevuka nilirudi. Nilijiambia kwamba nimempelekea mama nusu ya pesa zake, lakini ukweli ni kwamba nilitaka kumwona yule mzee akishindwa.

Alianza kwa msasa, taratibu, akifuata mkondo wa mbao. Akapaka rangi ya kwanza, tukangoja ikauke. Akachukua uzi uliopakwa chaki, akaniambia, "Shika huku, kijana wa kompyuta," akauvuta na kuuachia, ukaacha mstari mweupe ulionyooka. Ila hakuuweka katikati kama nilivyofanya mimi. Aliushusha kidogo, herufi zisiangukie kwenye kiungo cha mbao mbili, pale palipozibwa kwa pamba. "Hapa mashua hupumua," akasema. "Rangi itapasuka."

Kisha akafanya kitu kilichonikera. Kwa penseli alichora herufi zisizolingana. Zile za karibu na omo alizipanua, za katikati akazibana. Nilinyamaza nikaona siwezi.

"Jaduong', mbona hizi ni pana kuliko zile?"

Hakunijibu. Alinituma niende majini. Nikakunja suruali, nikaingia hadi magotini, nikageuka. Omo ya mashua hupinda kwenda ndani, kwa hiyo ukiitazama kwa mbali, kilichoandikwa pale huonekana kimebanwa. Kutoka pale niliposimama, herufi zake zote zilikuwa sawa. Mimi nilikuwa nimepima stika mezani. Yeye alimpima mtu atakayesoma.

Alipaka rangi ya mafuta akiegemeza kiganja kwenye kijiti kilichofungwa kitambaa kichwani, na mkono haukutetemeka ingawa mdomo haukupumzika. Zamani alichora matatu, akanihesabia: simba, wachezaji mpira, wanamuziki. Kisha zikaja sheria za Michuki, waziri wa uchukuzi, za mwaka 2004, kila matatu ikatakiwa kuwa na mstari wa manjano. "Wiki chache nilikuwa tajiri," akasema. "Kila mtu anataka mstari. Baadaye, kimya kabisa." Akahamia kuta za maduka. Huko aliwashukuru watu wa simu, kwa sababu Celtel ilipogeuka Zain, na Zain ikageuka Airtel, yeye aliupaka ukuta uleule mara tatu na kulipwa mara tatu. Nilimpenda hapo. Nilikuwa nimemtengenezea picha ya msanii mnyonge kichwani mwangu, na yeye alikuwa mfanyabiashara kuliko mimi.

Jioni jina lilikuwa tayari, na chini yake nambari ya usajili. Mkia wa R aliuvuta ukawa kama wimbi. Katika orodha yangu ya herufi hakuna R ya namna ile, baadaye niliitafuta. Mama aliigusa kwa ncha ya kidole pale ilipokauka, akalitaja jina la nyanyake kwa sauti ndogo. Stika zangu hakuwahi kuzigusa, ila alipoziokota.

Siku hizi simu inakuchorea sura ya mtu kabla hujamaliza kumeza mate, na mimi bado nakula kupitia mashine, sitajifanya. Lakini mashua nilikoma.

Tulipokuwa tukiosha brashi kwa mafuta ya taa, mzee akaniuliza bango la kuchapisha la futi sita ni pesa ngapi. Nikamtajia.

"Nitengenezee moja," akasema. "Andika: Fundi wa Rangi, Mashua na Kuta. Na nambari yangu."

"Lakini jaduong', si ujiandikie mwenyewe?"

Akaikung'uta brashi, akaitazama nywele zake dhidi ya jua.

"Nikijiandikia mwenyewe," akasema, "nani atanilipa?"