Wiki ya saba, ari imekatika

Jumapili usiku. Wiki ya saba ya muhula huniogopesha kuliko wiki ya mitihani. Mwanzoni kila mtu ana daftari jipya na nia njema. Mwishoni hofu humwamsha hata mzembe. Hapa katikati hakuna kinachosukuma. Kazi za kukusanya zimerundikana, mada zimekuwa nzito, na mtihani bado uko mbali. Mwanafunzi hujiita mvivu, lakini mara nyingi tatizo ni kwamba hajui aanzie wapi.

Ratiba inayosema "kusoma takwimu" haina pa kuingilia. Akili huizunguka weee, kisha mkono hufuata simu. Andika hivi: "Saa 1 usiku, meza ya maktaba, sura ya nne, swali la 3 hadi la 6." Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alionyesha kwamba ukishalifunga tendo kwenye saa na mahali, unalitekeleza kwa urahisi zaidi, maana uamuzi ulishafanyika mapema. Na usiisubiri ari ije kwanza. Andika namba ya swali na vitu ulivyopewa, jipe dakika 5. Kwa kawaida ari hukukuta ukiwa tayari umekaa.

Kuhusu muda, wengi wanaijua mbinu ya Francesco Cirillo, aliyeibuni akiwa mwanafunzi wa chuo mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa saa ya jikoni yenye umbo la nyanya: dakika 25 za kazi, 5 za kupumzika, na baada ya mizunguko 4 pumziko refu. Kwa kusoma kurasa inafaa sana. Kwa hesabu ndefu au kuandika insha naiona fupi. Kengele hulia ndiyo kwanza umeanza kuelewa. Hapo chukua dakika 50, pumzika 10. Inapoharibika ni kwenye pumziko lenyewe: ukishika simu, dakika 5 huwa 40, na hata ukirudi mezani kichwa kimebaki kule. Simama, kanywe maji, tembea. Simu ikae chumba kingine. Kuigeuza kifudifudi hakutoshi.

Jambo ambalo natamani kila mwanafunzi alijue mapema ni hili: umakini hutoroka pale ambapo macho yanasoma na akili haina kazi. Kurudia notisi huku unapaka mistari rangi kunaleta hisia ya kuelewa, kumbe ni kuzizoea tu. Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojaribu kukumbuka bila kuangalia walikuwa mbele.

Kwa hiyo soma kurasa 2 au 3, funga kitabu, chukua karatasi tupu na uandike kwa dakika 5 yote unayokumbuka. Fungua, sahihisha kwa kalamu ya rangi nyingine. Inauma, hasa siku za kwanza karatasi inaporudi nusu nyekundu, na wengi huacha hapo wakidhani hawana akili. Kumbe mapengo hayo ndiyo orodha ya kazi ya kesho. Yarudie kesho, kisha baada ya siku 3, kisha baada ya wiki. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alishaonyesha mwaka 1885 kwamba tunasahau kwa kasi zaidi mwanzoni, na kwamba kurudia kwa kuachanisha siku kunashinda kurundika usiku mmoja.

Kukesha nako kunakula siku mbili, ile ya leo na ya kesho. Kahawa ya saa 11 jioni, kwa watu wengi karibu nusu ya kafeini yake bado imo mwilini saa 4 usiku.

Kabla ya kufunga daftari usiku huu, acha mstari mmoja juu ya ukurasa wa kesho: swali linalofuata, na hatua ya kwanza ya kulijibu.