Crostata ya jamu: siagi iwe ya baridi

Crostata, pai ya Kiitaliano ya jamu, huharibikia kwenye siagi, kabla hata haijaingia kwenye oveni. Donge lake, ambalo Waitaliano huliita pasta frolla, linataka unga wa ngano gramu 300, siagi iliyotoka friji gramu 150, sukari laini gramu 120, yai 1 na kiini 1, chumvi kidogo na ganda la limau lililokunwa. Sugua siagi na unga kwa ncha za vidole mpaka uwe chengachenga kama mchanga wenye unyevu, ndipo utie sukari na mayai. Kusanya tu, usikande kama chapati! Ukikanda sana, donge linavutika na kingo zinanywea zikiokwa. Siagi nayo ikiyeyuka mkononi, utakula kitu kigumu chenye mafuta.

Funika, weka friji saa 1. Sukuma unene wa milimita 4, tandika kwenye chombo cha sentimita 24, toboatoboa kwa uma. Paka jamu ya aprikoti gramu 300, iwe nzito. Ile ya majimaji huchemka ikamwagika na kuacha kitako kibichi. (Ya embe inafaa pia, ila ikamulie limau.) Juu panga kwa mshazari mikanda ya donge lililobaki, upana wa sentimita 1.5. Ikikatika, rudisha friji dakika 10, usiongeze unga.

Oveni nyuzi 180, rafu ya chini, dakika 35 hadi 40, kingo ziwe kahawia. Ikitoka inavunjika upesi, kwa hiyo iache ipoe kabisa ndani ya chombo chake. Kesho yake ni tamu zaidi.