Nilivyoacha kusikiliza sauti nikaanza kusoma kura kwenye Avalon

Kila Ijumaa baada ya isha tunakutana mtandaoni watu watano kucheza Avalon. Mimi na mtoto wa mjomba tuko Mombasa, dada na mumewe wako Muscat, kila mmoja chumba chake na simu yake, na rafiki yangu wa chuo yuko Nairobi. Kwa asiyeujua, mchezo huu ulitoka 2012. Wachezaji wakiwa watano, watatu ni wema na wawili waovu. Waovu wanajuana. Wema hawajui lolote, ila mmoja wao, Merlin, anawaona waovu wote. Kiongozi wa zamu hutaja kikosi cha kwenda safari, wote tunapiga kura ya wazi, kisha walio kikosini wanatoa kadi kwa siri. Kadi moja ya kuharibu inatosha kuangusha safari. Safari tatu zikifaulu wema wameshinda, isipokuwa waovu wakimtambua Merlin mwishoni. Hapo ushindi unageuka wao.

Miezi ya mwanzo nilisikiliza sauti: nani amecheka bila sababu, nani amekawia kujibu. Dada nilimwonea sana kwa hilo. Yeye akifikiri hunyamaza, na mimi kimya chake nilikiita hatia. Nikachukua daftari, nikawa naandika kura tu: nani kasema ndiyo, nani hapana, kwa kikosi kipi.

Ndipo nikaona jambo. Safari ya pili inataka watu watatu, na wema wote ni watatu. Basi mwema aliyeachwa nje anajua kwa yakini kwamba humo ndani kuna mwovu. Hana sababu ya kukikubali kikosi hicho.

Ijumaa moja nilikuwa mwema wa kawaida. Safari ya kwanza walikwenda shemeji na mtoto wa mjomba, ikafaulu. Ya pili shemeji akajitaja mwenyewe, dada na mtoto wa mjomba. Nilikataa peke yangu, kura 4 kwa 1. Ikaanguka kwa kadi moja. Kutazama daftari, rafiki yangu alikuwa nje kama mimi, na bado alikubali.

"Ndugu yangu, kama wewe ni mwema, kikosi kile ulikikubali kwa lipi?"

Akasema alimwamini shemeji kwa kuwa safari ya kwanza ilikuwa safi. Lakini kadi safi ya mwanzo haithibitishi kitu. Mwovu mwenye subira huitoa makusudi ili aaminiwe mbele. Nilipotaja kikosi cha tatu, mimi na dada, waliokataa ni wawili: rafiki yangu na shemeji. Si ushahidi kamili, ila niliuegemea. Ya tatu ikafaulu, na ya nne tukamwongeza mtoto wa mjomba, ikafaulu pia.

Waovu wakanitaja mimi kuwa Merlin. Merlin alikuwa dada.

Wiki nzima nililiwaza hilo. Dada alijua tangu mwanzo kwamba mumewe ni mwovu, na bado alipiga ndiyo, akaingia naye kikosini, akaiacha safari ianguke ili asionekane anajua. Mimi kila nilipopewa Merlin nilikataa kila kikosi kichafu. Kura zangu zilikuwa sahihi mno, na zikaniua kila mara.

Nafasi ya Merlin iliponiangukia tena, nilikubali kikosi cha kwanza nikijua kina mwovu. Kisha nikamshuku mtu mwema mbele ya wote, na safari iliyofuata nikamwomba radhi. Kuanzia hapo sikutoa hoja hata moja. Nilimwuliza tu mtoto wa mjomba maswali: huyu alikubali nini, yule alikataa nini, wewe unaonaje? Akapiga hesabu mwenyewe mpaka akafika kwenye majina yale mawili, na ni yeye aliyeyatangaza, kwa sauti ya mtu aliyegundua. Safari zilipofaulu, waovu walishauriana kwa muda mrefu, nami nimeushika mdomo wangu. Wakamtaja yeye.