Paka aliyehasiwa ananenepa: mizani ya jikoni ndiyo iliyosaidia

Paka wetu wa mwaka mmoja na nusu alianza kunenepa baada ya kuhasiwa: analia njaa kutwa, mbavu hazipapasiki. Ndivyo mwili unavyobadilika. Mahitaji ya nguvu hupungua huku hamu ya kula ikipanda.

Ugali na omena havikusaidia: wanga mwingi, kirutubisho cha taurini hakitoshi, na paka hawezi kukaa bila taurini. Chakula maalumu cha paka waliohasiwa nacho, kikiachwa bakulini kutwa, hakikubadilisha kitu.

Kilichofaulu ni kupima kwa gramu. Kikombe hudanganya: kikijaa kupita mstari kidogo tu, gramu 10 zimeongezeka, na kwa paka hizo ni nyingi sana. Piga hesabu kwa uzito unaoutaka, si alio nao sasa. Paka wa kilo 4 anahitaji takriban kilokalori 200 (kipimo cha nguvu ya chakula) kwa siku. Chakula chetu kikavu kina kilokalori 380 kwa gramu 100, kwa hiyo anapata gramu 35, pamoja na kipakiti kimoja cha chakula laini cha gramu 85, chenye kama 70. Hicho laini kinamwongezea maji, jambo muhimu kwa dume ambaye mkojo huziba kwa urahisi. Chakula cha kupimiwa agrovet hakina maandishi, kwa hiyo hesabu haiwezekani.

Gawa mara nne, ya mwisho kabla ya kulala. Kilio cha alfajiri kiliishia hapo.

Badilisha chakula polepole, siku 7 hadi 10. Akigoma kula siku nzima, mwone daktari wa mifugo mara moja: ini la paka mnene huharibika upesi akikaa na njaa.