Mafungo ya Yoga Katika Msimu wa Mvua

Kila ninaposema kwamba ninapendelea kuandaa mafungo ya yoga, yaani siku kadhaa za kutulia mahali pamoja kwa mazoezi na kutafakari, katika nchi za tropiki wakati wa mvua, watu hudhani kwamba nafasi za kiangazi zilijaa au kwamba natafuta bei nafuu. Ni kweli kwamba nyumba nyingi za wageni hupunguza bei msimu huo, lakini si hilo linalonivuta. Ninauchagua msimu wa mvua kwa sababu naamini kwamba unafaa kwa kazi hii kuliko msimu mwingine wowote, mradi mwandaaji akubali kupanga kila kitu kwa kuifuata mvua tangu mwanzo, badala ya kuchukua ratiba ya kiangazi na kuiongezea miavuli.

Desturi ya kutulia mahali pamoja ili kuifundisha akili ina uhusiano wa kale sana na mvua. Watawa wa Kibuddha wa India ya kale, ambao kwa sehemu kubwa ya mwaka walitembea kutoka kijiji hadi kijiji, walitakiwa kukaa mahali pamoja kwa miezi 3 ya mvua, kipindi kinachoitwa vassa, kwa sababu waliokuwa wakizurura wakati huo walilalamikiwa kwamba wanakanyaga mimea michanga na viumbe wadogo wanaojitokeza ardhini mvua zinaponyesha. Watawa wa Theravada, tawi kongwe la Ubuddha, nchini Thailand, Myanmar na Sri Lanka hukishika kipindi hicho hadi leo, kwa kawaida kuanzia Julai hadi Oktoba, na Wajaini, wafuasi wa dini nyingine ya kale ya India, nao wana miezi yao 4 ya kutulia, yaani chaturmas. Huko Kerala, kusini mwa India, mwezi wa Karkidakam, ambao huangukia kati ya nusu ya Julai na nusu ya Agosti wakati mvua za kusi zimepamba moto, ndio unaohesabiwa kuwa wakati bora wa matibabu ya Ayurveda, tiba ya jadi ya India, kwa imani kwamba hewa ya baridi na yenye unyevu huufanya mwili uyapokee vyema mafuta na dawa za mitishamba. Kwa hiyo anayesema kwamba mvua huharibu mafungo, kwa maoni yangu, anazungumzia likizo ya ufukweni, ambayo ni jambo zuri lakini ni jambo jingine.

Hatua ya kwanza ya kupanga ni kuichagua mvua kabla ya kulichagua jengo. Watu huzungumza juu ya msimu wa mvua wa tropiki kana kwamba ni mmoja, ilhali ukanda mkuu wa mvua hulifuata jua kaskazini na kusini mwa Ikweta, na kila mahali huwa na zamu yake: Kerala hupokea mvua za kusi kuanzia mwanzoni mwa Juni, kisiwa cha Bali, Indonesia, hulowa takriban kati ya Novemba na Machi, na upande wa Pasifiki wa Costa Rica hunyeshewa kuanzia Mei hadi Novemba, huku upande wake wa Karibi ukiwa na mpangilio tofauti kabisa. Muhimu zaidi ya miezi ni tabia ya mvua yenyewe. Jumla ya milimita 300 kwa mwezi haisemi lolote kuhusu siku ya mshiriki, kwa maana inaweza kushuka yote katika saa chache za alasiri, au ikatapakaa kutwa kucha kama manyunyu yasiyokoma. Mahali ambapo jua la asubuhi huipasha ardhi joto, hewa yenye unyevu ikapanda na mawingu yakarundikana hadi yakapasuka alasiri, mwandaaji hupewa asubuhi safi karibu kila siku. Ndiyo maana swali ninalowauliza wenyeji wa mahali ninapopafikiria ni mvua hunyesha saa ngapi, na jibu la mkulima au mvuvi huwa na manufaa kwangu kuliko jedwali la wastani wa mwaka.

Jambo ambalo sikubali kulijadili ni vimbunga. Atlantiki ya Kaskazini ina msimu wake rasmi kuanzia tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba, na kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi vimbunga hutokea zaidi kati ya Novemba na Aprili. Karibu sana na Ikweta, ndani ya takriban nyuzi 5 kila upande, ni nadra kimbunga kuundwa, kwa kuwa msukumo wa mzunguko wa dunia unaoufanya upepo ujizungushe ni dhaifu mno hapo. Ukitaka mvua bila hofu hiyo, tazama latitudo kwanza.

Kisha ndipo uje kwenye ukumbi, na hapa ningemsihi kila mwandaaji asiridhike na picha. Milimita moja ya mvua ni lita moja katika kila mita moja ya mraba, hivyo paa la mita za mraba 100 likipokea milimita 50 katika alasiri moja hukusanya lita 5,000 za maji, na yakupasa kujua maji hayo yanaelekea wapi: kwenye mfereji, kwenye tangi, au kwenye ngazi ambazo washiriki watashuka gizani baada ya kutafakari. Paa la bati lisilo na dari huizima kabisa sauti ya mwalimu, ilhali paa nene la majani huipokea mvua kwa utulivu. Mapaa yanapaswa kuchomoza mbali kupita ukingo wa sakafu, kwa sababu mvua ya tropiki huja na upepo na hunyesha kwa mshazari, na sakafu inapaswa kuinuliwa juu ya ardhi na isiwe ya vigae laini, maana unyevu wa hewa pekee unatosha kuvifanya viteleze chini ya mtu aliyesimama kwa mguu mmoja katika mkao wa mti. Mikeka inahitaji mahali pa kukaukia. Mkeka wa mpira wa asili uliolowa jasho, ukikunjwa na kuwekwa kabatini katika hewa yenye unyevu unaozidi asilimia 60, huota kuvu kwa muda mfupi, kwa hiyo natafuta ukumbi wenye feni nyingi na chumba kikavu kimoja chenye mashine ya kuondoa unyevu, na taulo za kutosha kwa kila mshiriki kuwa na moja inayotumika na nyingine inayokauka.

Ukumbi ulio wazi pande zote, ambao ndio unaopendwa zaidi katika picha za matangazo, si kinga dhidi ya radi. Natamani jambo hili lingesemwa zaidi. Kanuni inayofundishwa na wataalamu wa usalama ni rahisi: ikiwa kati ya mmweko na ngurumo zinapita sekunde 30 au pungufu, radi iko ndani ya umbali wa takriban kilomita 10, na kila mtu anapaswa kuwa ndani ya jengo lenye kuta na paa, kisha asubiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Kwa hiyo chumba cha pili chenye kuta, hata kama ni kidogo na hakipendezi, ni sehemu ya lazima ya mpango, na mwalimu anapaswa kuwa na ruhusa ya kukatiza kipindi bila kumwomba radhi mtu yeyote.

Ratiba nayo hujiandika yenyewe mara unapoifahamu mvua. Mazoezi ya nguvu, pamoja na matembezi yoyote, huwekwa kati ya saa 12 na saa 4 asubuhi, na alasiri hubaki kwa mambo ambayo mvua huyaongezea thamani: kukandwa mwili, yoga nidra (kupumzika kwa kina ukiwa umelala huku ukiongozwa na sauti ya mwalimu), mikao ya kupumzika kama vile kulala chali na miguu kuegemezwa ukutani, mazoezi ya pumzi. Bhramari, ile pumzi ya kuvuma kama nyuki, wengi huionea haya wanapoijaribu kwa mara ya kwanza katika chumba kimya, lakini mvua inapopiga paa kila mtu huvuma kwa uhuru. Nimeona pia kwamba ukimya uliokusudiwa, ambao katika kiangazi hulazimu kulindwa kwa kanuni, hushikwa kwa urahisi watu wanapokuwa wamezungukwa na sauti moja kubwa isiyodai jibu. Siku 2 au 3 za mwanzo ninaziweka nyepesi, kwa sababu hewa ikijaa unyevu jasho halikauki na mwili hushindwa kujipoza, na mtu aliyetoka nchi ya baridi huhitaji hadi wiki 2 ili kuzoea kikamilifu, muda ambao mafungo mengi hayana. Kizunguzungu, kichefuchefu na kichwa kuuma katika kipindi cha asubuhi visichukuliwe kuwa dalili za mwili kujisafisha. Ni dalili za joto kumzidi mtu, naye anahitaji kivuli, feni, maji na chumvi.

Katika suala la afya ninawaomba wenzangu tuwe wakweli. Mafuta ya mchaichai yana harufu nzuri lakini kinga yake dhidi ya mbu hudumu muda mfupi, na msimu wa mvua ndio msimu wa mbu. Aedes, anayeeneza dengi, huuma mchana na huzaliana katika maji machache tu yaliyotuama kwenye sahani ya chungu cha maua, wakati Anopheles anayeeneza malaria huuma usiku, hivyo chandarua pekee hakitoshi. Dawa ya kupaka ya kufukuza mbu yenye DEET au ikaridini, inayopakwa baada ya mafuta ya kukinga jua na si kabla, iwe kwenye orodha ya kila mshiriki, na mkuzaji wa maua aombwe kumwaga maji yaliyotuama. Maji ya mafuriko yanaweza kubeba vijidudu vya leptospira kutoka kwenye mkojo wa panya, kwa hiyo kutembea pekupeku kwenye madimbwi, hata kukiitwa kuungana na ardhi, hakumo katika programu yangu. Washiriki wamwone daktari wiki 4 hadi 6 kabla ya safari. Cheti cha homa ya manjano, pale kinapohitajika, huanza kutambuliwa siku 10 baada ya chanjo, na tangu Julai 2016 hudumu kwa maisha yote ya mwenye nacho.

Yaliyobaki ni barua ya mwaliko, nayo naiandika mwenyewe bila kumwachia mtu wa matangazo. Ninaeleza humo kwamba mvua itanyesha, kwamba umeme unaweza kukatika na jenereta itatumika kwa saa fulani tu, kwamba bahari au mto unaweza kuchafuka kiasi cha kutoogeleka, na kwamba safari yoyote ya nje inaweza kufutwa asubuhi ya siku hiyohiyo. Naweka wazi pia masharti ya kurudishiwa fedha barabara au uwanja wa ndege ukifungwa, na ninamwomba kila mmoja akate bima ya safari inayotaja hali mbaya ya hewa. Baadhi husoma na kujitoa, na ninawashukuru kwa kujitoa mapema. Wanaobaki ninawashauri wasikate tiketi ya ndege ya siku ileile mafungo yanapomalizika, bali ya kesho yake, na usiku huo wa ziada naujumlisha katika gharama tangu mwanzo.