Nilivyomtembeza Mama Strangers' Hall na magoti yake

Mara ya kwanza tulikuta mlango umefungwa. Kosa langu: Strangers' Hall, nyumba hii ya makumbusho ya Norwich, Uingereza, haifunguliwi kila siku, nami sikuangalia ratiba. Mama, aliyekuwa amekuja kunitembelea kutoka Tanga, alijikaza na baridi yake akasema tu, "Wenyewe hawapo, turudi."

Mara ya pili nilipiga simu kwanza, nikaulizia ngazi. Ziko nyingi, maana nyumba imeungwaungwa karne baada ya karne. Ukitoka chumba hiki kwenda kile unapanda, unashuka, unapinda. Basi nikapanga: tuwahi mapema, tusigombanie vyumba vyote, na kituo chetu kiwe ukumbi mkubwa. Ghala la chini lenye dari ya matao, la mwaka 1320 hivi, ambalo ndilo kongwe kuliko yote, nikalisamehe.

Ukumbini nikamwombea kiti. Alipopumua nikaanza kumsimulia: Nicholas Sotherton, mfanyabiashara aliyekuwa meya mwaka 1539, alikaa hapa. Mwaka 1565, meya akiwa Thomas Sotherton, mji ukaalika kaya 30 za wafumaji, Waholanzi na Wawaloni (watu wa Ubelgiji ya leo wasemao Kifaransa), waje kufufua biashara ya nguo iliyokuwa imedorora. Hao ndio "Strangers".

"Kumbe wageni wa kualikwa," Mama akasema.

Kwa Kiingereza jina lile lina ubaridi, kama la mtu usiyemjua anayepita njiani. Kwa Kiswahili cha Mama walikwisha kukaribishwa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa jembe walikuja nalo. Inasemekana walikuja pia na chiriku wa njano, na ndiyo asili ya jina la utani la timu ya mpira ya mji huu. Jezi zake ni njano na kijani. Mama, mtu wa Simba, alinuna.

Vyumba vingine tulivipita taratibu, vimepambwa kila kimoja kwa zama zake. Kwenye ngazi nilitangulia mimi wakati wa kushuka, yeye akiweka mguu kwa ubavu, mkono begani kwangu. Nilimweleza kwamba mwaka 1899 nyumba ilikuwa karibu kubomolewa, wakili mmoja, Leonard Bolingbroke, akainunua na kuifanya makumbusho.

Mama alikuwa anapitisha kidole juu ya ukingo wa mbao.

"Mwanangu, vyumba vyote hivi, vumbi anapangusa nani?"